Mwaka Phylis Alioapa Kutouliza

Tuseme ukweli, hata kama mwenyewe atasikia: Kitengela yote haikuwa na mtu wa kupenda kujua mambo ya wenzake kama Phylis Mukonyo. Macho hayana pazia, ndivyo alivyozoea kujitetea. Kibanda chake cha kushonea kilitazama barabara ya Kajiado, na cherehani aliielekeza mlangoni makusudi. Ng'ombe wakivuka, alijua ni wa boma gani na wamepungua wangapi. Mteja akija kupimwa sketi, alipimwa kiuno huku akiulizwa habari za mama mkwe. Roho mbaya hakuwa nayo. Alitaka kujua tu.

Tangu 1995 kibanda hicho walikitumia wawili, yeye na Nduta, mke wa Mbugua, mzaliwa wa Limuru. Phylis alileta muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, Nduta akaleta chai kwenye chupa, wakala pamoja kila siku ya Mungu. Mchana mmoja wa mwaka wa 1999, wakipiga pasi sare za shule, Nduta akamweleza jambo ambalo hakuwa amelisema popote. Kabla ya kuolewa alizaa mtoto wa kike, Wahu, na mama yake kule Limuru alikuwa akimlea kama kitinda mimba wake mwenyewe. Mbugua hakuwa na habari.

"Mama Ngui, hii maneno ikitoka hapa, mimi nimekwisha," Nduta alisema.

"Itoke iende wapi?" Phylis akajibu, akaapa kwa jina la Mungu aliye juu.

Miezi miwili haikuisha, ikatoka. Jamaa za Mbugua walikuja pikapu nzima, mkutano ukakaa kutwa, na Mbugua akahama nyumbani miezi mitatu. Alirudi, ndiyo, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Nduta hakumtukana mtu. Alibeba cherehani yake hadi upande wa pili wa soko, karibu na posho mili ya kusagia unga, na alipokuwa akitoka alisema neno moja tu: "Nilikuwa nimeambia mtu mmoja."

Phylis alilia macho yakavimba. Si yeye! Hakumwambia mtu! Aliapa sokoni, akaapa kwenye bomba la maji, na Jumapili moja akasimama kanisani akaapa mbele ya watu wote. Nani angemwamini? Ukishajulikana kwa mdomo, hata siri ya watu wa Rongai ikivuja utaambiwa ni wewe. Kumkosa Nduta kulimuuma, na kuonewa kukazidi kumchoma.

Basi ikafika Jumapili ya kwanza ya 2001. Mchungaji Lesiamon aliweka kikapu mbele ya kanisa akasema mwaka mpya si kubadilisha kalenda ukutani. Kila mtu aandike kitu kimoja anachotaka kubadilisha maishani, asiandike jina. Kisha kila mmoja achukue karatasi ya mwenzake, aiombee mpaka Desemba. "Na msiulizane," akamaliza, akimwangalia Phylis, na kanisa likacheka.

Phylis aliandika: Niache kuuliza mambo ya watu. Aliandika kwa hasira, lakini tumaini pia lilikuwamo. Nduta akimwona amekaa mwaka mzima bila kuuliza, labda angeanza kuamini kwamba hata ile siri hakuisema. Alimtaka rafiki yake arudi, basi. Akatia karatasi yake kikapuni, akatoa ya mtu mwingine, akaifungua.

Mwaka huu nimwambie ukweli.

Jameni! Amwambie nani? Ukweli gani? Mwandiko ulikuwa wa Wainaina, fundi wa viatu na katibu wa kanisa, ambaye nusu ya waumini walimwomba awaandikie kwa sababu ya mkono wake mzuri. Maana yake jibu lilikuwa kwa Wainaina, hatua thelathini kutoka kibandani kwake. Yeye naye ndio kwanza ameapa kutouliza.

Januari alimshuku Munguti, muumini mwenzake, aliyemdanganya mke wake kwamba yeye ni msimamizi wa machimbo ya mawe. Februari akamshuku Katee, kwa sababu tu Katee alikuwa akitembea akiangalia chini. Machi akashindwa kabisa. Alichukua kiatu kizima, akakikata kamba kwa mkasi wake mwenyewe, akakipeleka kwa Wainaina.

"Wainaina, zile karatasi za kikapu..."

"Eeh, ziko na nini?"

Phylis akakumbuka kiapo chake. "Uliziandika vizuri." Akarudi na kiatu kilichoshonwa, akiona haya.

Mvua za Aprili zikaja, udongo mweusi ukanata kwenye viatu vya kila mtu, na hapo ndipo alipogundua jambo la ajabu. Alipoacha kuwauliza wateja, walianza kumwambia wenyewe. Mwanamke anasimama apimwe mkono wa blauzi, kibanda kimya, mara anafungua moyo wake wote. Phylis alikaza tepu, akaitikia "mm", yakaishia hapo. Hata Nduta, wakikutana kwenye maji, alianza kusema "Habari, Mama Ngui," kabla ya kupita.

Ombi lake hakulisahau. Kila jioni kabla ya kula alifumba macho mbele ya Kitonga, mume wake, mfanyakazi wa kiwanda cha saruji kule Athi River. "Bwana, yule aliyeandika kwamba atamwambia mwenzake ukweli, mtie nguvu." Kitonga aliitikia amina kwa sauti ndogo, na siku hizi alikuwa hamalizi sahani. Phylis alidhani ni tumbo.

Jumamosi moja ya Oktoba, Kitonga akamkatiza katikati ya sala. "Mama Ngui, usiombe tena. Hiyo karatasi ni yangu."

Phylis alifumbua macho.

"Ile maneno ya Nduta. Ni mimi niliisema. Tulikuwa tunakula na wenzangu kazini, nikaitoa kama hadithi tu. Sikujua mmoja wao ni binamu ya Mbugua."

"Miaka miwili, Baba Ngui. Umeniona nikisemwa miaka miwili."

"Niliogopa."

Angemrushia sufuria, isipokuwa ilikuwa na maharagwe yake mwenyewe. Alijifunga leso akatoka mbio. Ndani ya hasira furaha ilimjaa hadi kooni: hatimaye! Njia nzima alipanga maneno. Unaona? Si mimi, ni yule! Na angeyasema kwa sauti, soko lisikie.

Alipokaribia posho mili, miguu ikapunguza mwendo yenyewe. Kitonga aliijulia wapi hiyo siri?

Akakumbuka. Jioni ile ile ya pasi, akimenya viazi, chai haijachemka bado: "Baba Ngui, unajua Nduta..." Na katika viapo vyake vyote, sokoni, bombani, kanisani, haikumpitia kichwani hata siku moja kwamba huko kulikuwa kusema. Wanawake wa pale walizoea hivyo, mume hahesabiwi kuwa mtu wa kuambiwa. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Bado angeweza kusema nusu. Nusu ilikuwa kweli, na ingemsafisha.

Nduta alikuwa akishona kola ya shati.

"Mama Waweru, ni mimi nilisema," Phylis akamwambia. "Nilimwambia Kitonga, jioni ile ile. Sikuhesabu kama nimesema." Akaishia hapo. Yaliyobaki yalikuwa ya Kitonga kuyasema.

Nduta aliondoa mguu kwenye cherehani. "Nilijua. Kitonga alitajwa kwenye ule mkutano. Kwani Kitonga angeambiwa na nani mwingine? Nilikuwa nasubiri uje. Badala yake ukasimama kanisani ukaapa."

Machozi yalimtoka Phylis, akayaacha yatoke.

"Kitonga anajua umekuja hapa?" Nduta akauliza.

"Hajui. Nilitoka tu."

Nduta akaondoa vitambaa kwenye kile kiti kingine, akakivuta karibu na chake.

"Keti," akasema. "Na ukirudi, usimwambie. Naye aje mwenyewe."