Omena Zililowa Tukishinda Kriketi

Juzi hotelini Mbita, vijana wawili waligombana huku wakitazama kriketi kwenye simu. "Tumeshinda, sasa tunatolewa aje?" mmoja alifoka. Mwenzake akamweleza kwamba wamelingana pointi na timu nyingine, kwa hivyo inaangaliwa nani alifunga mikimbio kwa kasi zaidi. Nilicheka hadi chai ikanipalia.

Nilikumbuka alasiri moja ya utotoni kule kisiwani Mfangano, iliyonuka omena kila mahali. Mama alikuwa ameanika omena, vile visamaki vya ziwani, juu ya nyavu kuukuu, akaenda zake kanisani. "Mvua ikitishia, anueni," alituambia. Lakini Baba na mjomba walikuwa wamebandika masikio redioni, wakipiga hesabu za kriketi mchangani kwa kijiti. Wingu likaja. Matone yakaanza kugonga mabati.

"Baba, omena!"

"Ngoja ova hii iishe, ni mipira sita tu, Akinyi!"

Timu yetu ilishinda. Niliruka na kushangilia peke yangu. "Tumeshinda polepole mno," mjomba akanung'unika. "Tumetoka." Niliona hawa wazee wamerukwa na akili. Kushinda si kushinda tu?

Ndipo tukakimbilia omena. Tulizianua zote, na Mama aliporudi nikamwonyesha beseni kwa fahari. Alichota konzi moja, maji yakamchuruzika hadi kiwikoni.

"Baba Akinyi, mmeanua zote, nimeona," alisema. "Lakini mmeanua saa ngapi?"

Mpaka leo sijasikia mtu akiieleza kriketi vizuri zaidi.