Nusu Saa ya Mwalimu Aminieli

Kompyuta ilisema haiwezekani. Jesse, mwalimu kijana aliyesomea mambo hayo, aliingiza majina ya walimu, madarasa na vipindi vyote, na mara tatu mfululizo programu ikamjibu kwa maandishi mekundu kwamba ratiba hiyo haipangiki. Mwalimu Hilda alicheka. Alikuwa na miaka hamsini na minne, kumi na mmoja kati ya hiyo akiwa mtunza ratiba wa shule ya kata huko Kirua Vunjo, na hajawahi kushindwa.

"Niachie mimi," alimwambia Jesse. "Hiyo mashine yako haijawahi kuishi Tanzania."

Kupanga ratiba ni kazi ya lawama. Mwalimu wa Kiingereza hataki kipindi cha kwanza kwa kuwa ananyonyesha. Wa Biolojia hataki Ijumaa mchana, anashuka Moshi mjini. Wa Historia hataki kufundisha baada ya chakula kwa sababu wanafunzi wanasinzia, kana kwamba kosa ni la makande. Hilda aliwaweza wote. Alikata vipande vya maboksi ya chaki, kila mwalimu na rangi yake, akavitandaza mezani kwake na kuvihamisha Jumamosi nzima huku akifukuza kuku.

Kilichomsumbua ni kipande cha bluu. Hicho kilikuwa cha Aminieli, mwalimu wa Fizikia, ambaye hakuwa wa kwao peke yao. Walimu wa sayansi ni haba, kwa hiyo walimgawana na shule nyingine ya bondeni, upande wa Kiboriloni: asubuhi anafundisha huko, kisha anapanda na pikipiki yake. Jesse alikuwa ameiambia kompyuta kwamba safari hiyo inahitaji saa nzima. Hilda aliandika nusu saa, na mara vipande vyote vikakaa sawa. Wanafunzi kumi na wanne wa Fizikia wa Kidato cha Nne walipata vipindi vyao vyote kabla ya mtihani wa Novemba. Kikaoni walimu walimpigia makofi, na mkuu wa shule, Mwalimu Wenseslaus, akaagiza kompyuta irudishwe kwenye boksi lake. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Hilda alivimba kichwa wiki nzima.

Aminieli alimfuata siku ya tatu.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba, baba. Vipi?"

"Hii nusu saa, madam. Kukiwa kukavu nafika. Ila masika ikianza, ile kona ya korongoni inateleza sana."

"Vumilia tu mpaka Juni, baba. Nikikugusa wewe, ratiba yote inabomoka."

Hakubisha. Alikuwa mtu wa kunyamaza, mwenye watoto wawili wadogo, na tangu siku hiyo hakuonekana tena kwenye chai ya saa nne. Chai ya walimu ilikuwa imeangukia katika nusu saa ile ile. Februari alifika. Machi alifika, suruali imejaa matope mpaka magotini, na chaki alishaitoa mfukoni kabla hajafika mlangoni.

Jumanne moja ya Aprili hakufika. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Saa tano kamili Hilda alipita nje ya Kidato cha Nne, akawakuta wanafunzi wamekaa kimya, ubao mtupu, na hasira zikampanda. Jumamosi nzima amehangaika kumtafutia huyu bwana nafasi, na leo anamwaibisha! Akaenda ofisini, akafungua daftari la mahudhurio, akaandika kwa kalamu nyekundu mbele ya jina lake: *Amechelewa bila taarifa.* Saa hiyo Aminieli alikuwa chini ya korongo, pikipiki imemlalia kifuani. Mama mmoja aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe ndiye aliyemwona. Aminieli alifariki Alhamisi.

Walimzika kihambani kwao, kwenye shamba la ukoo, kati ya migomba na kahawa. Mjane wake, Eliona, alimshika Hilda mikono yote miwili.

"Mama, wamesema alikuwa mwendo kasi. Mume wangu hakuwa mtu wa mwendo kasi. Alikuwa anakimbilia nini?"

Hilda alijua. Akasema tu, "Mungu ndiye anayejua, mwanangu." Alijichukia kabla hata ya kumaliza kusema hivyo.

Mei wakaletewa Calvin, mwalimu wa kujitolea, ndiyo kwanza ametoka chuoni. Naye alikuwa wa kugawana na shule ile ile ya bondeni.

"Afadhali," Mwalimu Wenseslaus alisema. "Ratiba ipo. Futa jina, andika Calvin."

"Mkuu, ile nusu saa niliitunga. Haipo. Haijawahi kuwepo."

"Na watoto je? Unataka waingie kwenye mtihani hawajasoma? Lisilobudi hutendwa, Mwalimu Hilda."

"Nilishalitenda. Tumelizika mwezi uliopita."

Mkuu alikasirika, akatoka na kubamiza mlango. Hilda aliichukua ratiba, akafuta vipindi vya Jumanne, vya Jumatano na vya Alhamisi. Vilibaki viwili vya Ijumaa, siku ambayo Calvin alikuwa hana kipindi bondeni. Vipindi viwili kwa wiki, na nusu ya mada za kitabu hazijaguswa. Alijua hesabu hiyo maana yake nini: wachache watafaulu, pengine asifaulu hata mmoja. Alijua pia kwamba hakuna atakayemshukuru kwa Calvin kufika salama, kwa sababu ajali isiyotokea haionekani.

Aliona haya kumtuma mwingine. Akaenda mwenyewe Kidato cha Nne, akasimama mbele yao, akawaambia kwamba Fizikia sasa ni Ijumaa tu, kwa kuwa kutoka bondeni mwalimu hawezi kufika kwa wakati.

Kisha Gladness, binti aliyekuwa akiongoza darasa katika somo hilo, akasimama kwa adabu, mikono nyuma.

"Madam, mbona Mwalimu Aminieli alikuwa anafika?"