Niliitikia "haya", nikang'olewa meno matatu mazima: kisa changu kwa mnaofikiria implant

Katikati ya miaka ya hamsini, mjini Tanga, nilikaa kwenye kiti cha fundi wa meno nikiwa nimekosa jino moja la mbele.

Nilipoinuka nilikuwa nimekosa manne. Matatu kati ya hayo yalikuwa mazima, na yalitoka kwa ridhaa yangu.

Wakuu, kwa umri wangu wengi humu mtaniamkia, kwa hiyo natanguliza marahaba tusipoteze muda. Nimevuka tisini. Naandika kwa kidole kimoja, polepole, na sina tena sababu ya kumdanganya mtu.

Nimeona uzi wa kijana anayeuliza kama implant, yaani jino la kupandikizwa kwenye mfupa, litamfaa baada ya kung'oka jino lake. Amejibiwa vizuri na wengi. Mimi si daktari. Nina kisa tu, na maswali niliyomuuliza daktari uzeeni wakati nilipaswa kuyauliza ujanani.

Enzi hizo nilikuwa na miaka ishirini na ushei. Nilikuwa nimesoma sekondari, jambo lililomfanya mtu atembee kifua mbele, na nilikuwa karani katika shamba moja la mkonge. Kila alfajiri kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuita majina ya wafanyakazi.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani kule Kigombe, na ndiye aliyesoma maulidi ya pale kila Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume. Sauti yake ilikuwa imeanza kuchoka. Mwaka ule aliniita, akaniambia nikae mimi kwenye mkeka wa mbele, nisome naye akiwa hai na yupo, ili watu wanizoee.

Kwetu hilo lilikuwa kubwa kuliko ukarani. Mkeka ule hauombwi. Mtu huitwa.

Wiki chache kabla ya siku yenyewe nilianguka na baiskeli barabara ya Pangani. Jino la mbele la juu likabaki pale barabarani. Nililitafuta kwenye vumbi mpaka nikalipata, nikalitia mfukoni, sijui nilitaka kulifanyia nini.

Pengo lenyewe halikunisumbua kwa sura. Lilinisumbua kwa herufi. "Th" na "dh" zilitoka na upepo, thelathini ikawa felafini. Na baba alikuwa mkali wa herufi kuliko jambo jingine lolote. Aliweza kukusamehe kuchelewa, kukosa adabu kidogo, hata uvivu, lakini si herufi iliyotoka mahali pasipo pake.

Nilipaswa kwenda kumuuliza: nifanyeje? Nikaona haya. Nilitaka nimfikie nikiwa nimeshatengenea.

Basi nikaenda mjini kwa Mzee Gulamu.

Huyu alikuwa fundi wa meno, mzee wa Kihindi mwenye ndevu nyeupe, Mwislamu mwenzetu. Dukani kwake kulikuwa na kabati la kioo lenye meno ya bandia yamepangwa, taya juu ya taya, kama yanataka kusema kitu. Nilisimama pale muda mrefu nikiyatazama. Nilijiuliza yanashikaje, yanakula nini, mtu akipiga chafya yanakwenda wapi. Yote hayo nilijiuliza moyoni. Hakuna hata moja nililolitoa mdomoni.

Mzee Gulamu hakuwa tapeli, naomba hilo lieleweke. Alinikagua kwa utaratibu, akaning'atisha nta, akanieleza kwa Kiswahili chake. Jino moja halina pa kujishika vizuri, alisema. La jirani yake lilikuwa limekaa upande. Akitoa matatu yaliyobaki ya mbele, atatengeneza manne kwenye kibao kimoja cha plastiki, yenye vishikizo vya waya vya kukamata meno ya kando.

"Moja taabu," akasema. "Nne nzuri. Simama sawa, shika sawa. Haya?"

Nikasema, "Haya, mzee."

Hapa nisimame kidogo, wakuu, kwa sababu kisa kizima kimo katika neno hili.

Sisi watu wa Tanga tuna haya mbili. Ipo haya ya kukubali, na ipo haya ya kuona soni. Mtu mzima akikuambia "haya?", unaitikia "haya", hata kama moyoni unamaanisha tu kwamba umesikia. Mimi niliitikia haya ya kwanza kwa sababu ya haya ya pili. Niliona soni kumwambia mzee yule asubiri, ati nina swali. Msomi mzima wa sekondari.

Lakini sitamsingizia adabu peke yake. Nilipenda pia picha ya meno manne meupe yaliyonyooka. Hilo ni langu.

Akanichoma ganzi, akayatoa. Yalitoka kwa shida, kama yanayojua hayana kosa.

Ufizi ulipopona kidogo akanivisha kibao. Kwenye kioo nilipendeza, sikatai. Kesho yake alfajiri nikasimama kuita majina. Kila nilipofika kwenye "s", kibao kilipiga mluzi. Sadiki, mluzi. Selemani, mluzi. Nilipofika kwa mkata mkonge mmoja aitwaye Sefu, hakuitika.

Nikarudia.

"Karani," akasema, "mimi naitwa Sefu. Hiyo ni treni ya mkonge inapita."

Uwanja mzima ulicheka, na mnyapara naye. Mimi nilicheka pia, kwa mdomo uliofumba. Nilijiambia nitakizoea.

Siku ya maulidi ikafika. Yalisomwa baada ya alasiri, uani kwa baba. Wanaume kwenye mikeka, wanawake nyuma ya pazia, ubani unafuka. Nikakaa mbele. Baba alikaa ubavuni kwangu, amefumba macho kama alivyozoea wakati wa kusikiliza.

Mwanzo nilikwenda vizuri. Kisha zikaja salamu za Mtume, na salamu, kama mnavyojua, zimejaa "s". Mluzi wa kwanza watu walidhani ni wa nje. Wa pili, nyuma ya pazia mtu alikohoa kile kikohozi cha kuzuia kicheko. Nikavuta pumzi nipandishe sauti, kibao kikachomoka kikagonga midomo yangu kwa ndani.

Nikafumba mdomo. Nilichoweza kufanya ni hicho.

Baba hakufungua macho. Alipokea palepale nilipoachia, kwenye neno lilelile, kwa sauti yake iliyochoka, kama kwamba tulikubaliana tangu mwanzo kugawana kisomo. Alisoma hadi mwisho. Sauti ilimkatika mara mbili na watu wakamsubiri.

Wageni walipokwisha kuondoka akanikalisha barazani.

"Fungua kinywa nione."

Nikafungua. Akanifanya nikitoe kibao, akatazama muda mrefu.

"Niliambiwa ulivunjika jino moja. Haya matatu mengine yalikuwa na ugonjwa gani?"

"Hayakuwa na ugonjwa, baba."

"Basi yalikosa nini?"

Nikakigeuza kibao kiganjani.

Ndipo alipofanya jambo ambalo sikulitarajia. Alivuta mdomo wake wa chini kwa kidole, akanionyesha. Hakuwa na meno mawili ya mbele, chini. Pengo la siku nyingi, ufizi umeshakuwa mgumu.

"Haya yalitoka kabla hujazaliwa," akasema. "Umewahi kuyasikia kwenye kisomo changu?"

Sikuwahi. Nilikua chini ya sauti ile, nikafundishwa herufi na kinywa kile, na sikuwahi hata siku moja kujua kwamba kina pengo.

"Ulimi hujifunza, mwanangu. Ungeupa mwezi mmoja tu. Ungeniuliza."

Hakunilaumu zaidi ya hapo. Afadhali angenilaumu.

Sasa nirudi kwenye swali la kijana wetu.

Vile vishikizo vya waya vilikwangua meno niliyobakiwa nayo kando. Nayo yakalegea, kibao kikatengenezwa kikubwa zaidi, kikakamata mengine, nayo yakalegea. Ikaendelea hivyo kwa miaka mingi, mpaka juu hakukubaki hata moja.

Mwaka juzi mwanangu wa kike, ninayeishi kwake Makorora, alinipeleka kwa daktari wa meno. Binti wa Kisambaa, mpole, mnyenyekevu. Alinionyesha picha ya eksirei ya taya langu. Nikamwambia safari hii nitauliza kila kitu, anivumilie. Akacheka, akavuta kiti.

Nikauliza jino la kupandikiza linashikaje. Akaniambia ni skurubu ndogo ya madini inayotiwa ndani ya mfupa, na mfupa wenyewe unakua ukaikumbatia, kwa miezi. Halafu jino linafungwa juu yake. Halikamati majirani, halikwangui mtu. Nilistaajabu. Kitu nilichokitaka kipindi kile kilikuwa hicho, nacho hakikuwepo.

Nikauliza nani hafai. Akataja mwenye kisukari kisichodhibitiwa, mvutaji sigara, mwenye ufizi mgonjwa, asiyeweza kurudi kliniki mara kwa mara. Wengine hawakatazwi moja kwa moja, wanapimwa kwanza. Nikauliza na asiyetaka? Akasema yapo meno ya kuvaa na kuvua, lipo daraja linaloegemea meno ya kando, na kuliacha pengo nako ni uamuzi, mradi upimwe ujue meno mengine yatakaaje.

Mwisho nikauliza kuhusu mimi. Akaniwekea kidole kwenye picha. Mfupa usio na jino huyeyuka kidogo kidogo, alisema, na wangu wa mbele ulianza kuyeyuka mapema mno. Ingebidi uongezwe kwanza, nami kwa umri huu nipone vidonda viwili badala ya kimoja.

"Haya babu, tuendelee na vipimo?" akauliza.

"Bado, mwanangu," nikasema. "Ngoja kwanza nifikiri."

Kumbe ni maneno mepesi hivyo. Nilikwenda nyumbani, nikafikiri wiki mbili, nikaamua hapana. Kwa mfupa wangu ni hapana. Kwa mfupa wa kijana wa miaka thelathini jibu linaweza kuwa jingine kabisa, na asiliamue kwa kisa changu.

Ushauri wangu ni mdogo tu: ukiulizwa "haya?" kwenye kiti kile, usiitikie mpaka umemaliza maswali. Na jino zima lisitoke mpaka mtu amekueleza limekosa nini.

Karibuni mniulize, na mnikosoe nilipokosea. Waliokwisha kuwekewa implant, nina hamu ya kujua jambo moja ambalo daktari hakuweza kunijibu: ulimi ulichukua muda gani kuizoea?

Baba alifariki kabla ya Mfungo Sita uliofuata, na mkeka wa mbele ukaenda kwa binamu yangu. Ile "haya" yangu moja ilinigharimu meno yote ya juu na mfupa ambao leo ungeyashika mapya. Na ilimgharimu baba, kwa sababu alikufa hajanisikia nikisoma hadi mwisho.