Mkuyu Usio na Mwenyewe

Saquina wa Quionga, pwani ya kaskazini ya Msumbiji, hakuwahi kuuogopa mwezi wa njaa. Muhogo ukiisha ghalani, alibeba pakacha akaenda zake mkuyuni, nyuma ya shamba. Makuyu aliyapasua, akayakung'uta wadudu, akayaanika, akayatwanga yawe unga wa uji. Majani machanga yakawa mboga kwa tui la nazi. Wenye shibe hukunja pua, haya, wakunje! Wakati wa vita mama yake alimlea kwa uji huohuo, na wanawake wa vijiji vitatu walichuma pale bila kumpigia mtu hodi.

Maana kule kwao mkuyu hauna mwenyewe. Kusema "wangu" ni kumfungia mwenye njaa mlango.

Basi gesi ikaonekana baharini, kampuni ikaitaka ardhi ya kijiji, wakaja watu wa kuandika mali za wanaohamishwa ili walipwe. Nélio, karani kijana kutoka Maputo, mpole kwa kweli, aliandika minazi ya Saquina, akaandika mikorosho, akafika mkuyuni.

"Mamã, na huu ni wako?"

"Si wangu, mwanangu. Ni wa Mungu."

Nélio akaandika: pori. Alima, wifi wa Saquina, akamfinya mwenzake. "We Saquina, sema wako!"

"Astaghafirullah! Niuzulie uongo mti ulionilea?"

Wakahamishwa. Nyumba ya bati na saruji, nzuri, sikatai. Lakini shamba walilopewa lilikuwa changarawe tupu, na muhogo ukatoka mwembamba kama vidole. Njaa ilipofika, Alima akalala hoi, siku ya pili hajatia kitu tumboni. Saquina akachukua pakacha, akatembea tangu alfajiri hadi adhuhuri, kurudi kule mkuyuni.

Akakuta uzio wa waya. Mtu aliruhusiwa kuingia kuvuna mti ulioandikwa kwa jina lake tu. Ndani, minazi na mikorosho yake ilikwisha kung'olewa, na mkuyu ulikwisha kukatwa. Lakini kisiki kilikuwa kimechipua majani machanga, yanatosha chungu kimoja.

"Nifungulie, mwanangu, nichume mboga kwenye kisiki kile cha mkuyu," akamwambia mlinzi wa lango.

"Bibi, mti ule ni wako?" akauliza mlinzi.

Tangu azaliwe Saquina hajamsikia mtu wa kwao akilitamka neno lile.

"Wangu," akasema.

Mlinzi akapitisha kidole kwenye karatasi ya miti na wenyewe, juu mpaka chini, akarudia tena. Maskini, naye alitaka alione jina.

"Kwenye mkuyu pameandikwa pori, bibi. Jina lako halipo."

Saquina akageuka na pakacha lake tupu, na njia nzima alijiuliza atamwambia nini Alima.