Karantini ya Flashi ya Baba

Mimi sina subira na mashine, na mashine zinajua. Lakini siku ile kompyuta mpya ilipokaa juu ya meza ya sebuleni kwangu Nakuru, mwenye wasiwasi hakuwa mimi. Alikuwa mamangu, aliyeketi kando yangu na shali yake mabegani, ameishika flashi ndogo nyeusi aliyoifunga kwa karatasi ya mkate. Hakutaka kuiachilia.

"Kwanza uniambie hiyo kitu iko na ulinzi gani," akasema.

Alikuwa na haki. Ziwa lilipopanda kule Kihoto, Naivasha, maji yaliingia kwao mpaka dirishani, yakaharibu albamu, simu ya baba na kila picha iliyokuwa ndani. Baba mwenyewe alikuwa ameshatuacha. Simu yangu nayo ilikuwa imeibiwa. Ilibaki video moja tu yenye sauti yake, niliyoirekodi jikoni kwao, na video hiyo ilikuwa ndani ya flashi.

Na mnajua flashi ya matanga inavyotembea. Hii ilienda saiba, duka la intaneti kule Bondeni, kuchapisha programu ya mazishi, ikaenda kanisani kuonyesha picha ukutani, ikaenda kwa mpiga video, na kila mtu akaichomeka kwake. Iliporudi ilikuwa na virusi: folda zilionekana, lakini ukibonyeza hakuna kinachofunguka.

Fundi wa duka tulikonunua kompyuta alikuwa ametuwekea programu moja ya kuzuia virusi, akaisifu kama mchumba. "Hii haina mchezo, madam. Ikishuku kitu inafuta, haikuulizi." Na mimi kwa vile nilivyovichukia virusi hivyo, nikaona hiyo ndiyo dawa. Kulikuwa pia na ile inayokuja na kompyuta yenyewe. Nilikuwa nimesoma kwamba hiyo ikishuku faili inaitia karantini, kisha inangoja uamue. Mimi niliiona ya waoga. Nikamweleza Mum zote mbili haraka haraka ili tumalize.

Akanikatiza. "Ati karantini?"

"Eeh, Mum. Inaitenga kando isiambukize zingine."

"Kama ng'ombe?"

"Kama ng'ombe," nikasema, nikidhani nimemaliza.

Kumbe nimemfungulia mlango wa hadithi. Kabla ya Kihoto, wazazi wangu walifuga ng'ombe wa maziwa Subukia, na ugonjwa wa miguu na midomo ukiingia, soko linafungwa na hakuna mnyama anayetoka boma.

"Yule mwekundu alipotokwa na mate," Mum akasema, "majirani walitaka achinjwe. Babako akakataa kabisa. Akamtenga, akawa anamwosha kwato na maji ya chumvi, anamlisha nyasi laini kwa mkono. Akapona. Wewe ulisomeshwa na maziwa yake, msichana, usinitolee macho."

Nikageukia skrini.

"Weka hiyo ya karantini," akaamua. "Hiyo ya kufuta bila kuuliza, mrudishie fundi wake. Na ikimfuta babako?"

Basi nikaiondoa ya fundi, nikaiwasha ile nyingine, nikaiacha ijisasishe mpaka ikaonyesha alama ya kijani. Nikanyoosha mkono nipewe flashi. Wapi! Mum akaweka kiganja juu ya skrini akaanza kuiombea kompyuta, maombi marefu ya watu wa kwetu, akakumbuka hata waya wa stima. Nikasema amina kwa nguvu ili aelewe imetosha. Akaifungua ile karatasi ya mkate taratibu, akanipa.

Programu ilianza kukagua. Maonyo yakatokea, nami nikabonyeza kitufe cha kutenga, onyo moja baada ya lingine. Kisha folda zote zikapotea. Flashi ikabaki tupu.

"Woi," Mum akasema. "Ameenda wapi?"

Nikakumbuka nilichosoma: virusi vya aina hii havili folda, huzificha, na zile tulizokuwa tukiziona ni bandia. Nikatafuta pale pa kuonyesha vilivyofichwa, nikabonyeza. Folda ikatokea, rangi imefifia kama nguo iliyoanikwa juani siku nyingi.

Baba alikuwa humo. Ameketi kwenye stuli na kikombe mkononi, miezi michache kabla kisukari hakijamlaza. "Hii si chai," analalamika. "Hii ni maji ng'ombe amepita kando. Mama, nipe sukari, nusu kijiko tu."

Sauti ya Mum inamjibu kutoka kando ya jiko: "Hapana. Daktari alisema nini?"

Baba anacheka, anakunywa hivyo hivyo.

Nilinakili video kwenye kompyuta kabla ya kufanya kitu kingine chochote. "Rudisha," Mum akasema. Nikarudisha. Tukacheka, tukalia, akasema nirudishe tena. Kila baba alipoomba, Mum wa pale sebuleni aliitikia pamoja na yule wa jikoni: "Hapana!" Aliitikia akicheka, kidole juu.

Halafu ikafika mara ambayo hakuitikia. Aliiacha video ikaisha.

"Ningempatia tu," akasema.

"Mum, ulikuwa unamlinda."

"Najua." Akaipangusa skrini kwa ncha ya shali, pale palipokuwa na uso wa baba. "Lakini ilikuwa nusu kijiko."