Dubu wa Upande wa Pili wa Ua

Nilipokuwa na miaka minane, mwaka tulipotoka Goma na kupewa nyumba Hodge Hill, mtaa katika nchi ya Waingereza, niliacha kusema. Nyumbani niliongea kama kawaida na mama na koko, ndivyo tulivyomwita bibi. Nikivuka mlango tu, ulimi ulikuwa mzito. Siku ya kwanza darasani nilimjibu mwalimu kwa Kifaransa na watoto wakacheka, nadhani bila ubaya wowote. Lakini niliamua sitawapa tena cha kuchekea.

Mama, aliyekuwa akifanya kazi ya kutunza wazee, alihangaika. Alininunulia peremende, akanigombeza, akanipeleka kuombewa. Sikusema.

Baridi ilipoanza, nikaota dubu. Alikuwa amelala ndani ya kabati langu la nguo, mkubwa, akipumua taratibu, nami sikumwogopa. Asubuhi nilipomsimulia koko, hakucheka. Kwake ndoto ya mnyama si jambo la kupuuza. Ukoo wetu una korongo, ndege anayesemekana aliwaonyesha wazee wetu pa kuvuka mto, na mpaka leo hatumtupii hata jiwe. Shida ni kwamba koko hakumjua dubu. Kwetu hayupo.

Basi akaenda kumuuliza jirani. Ilinca alikuwa mama mtu mzima kutoka Romania, na kilichotutenganisha naye ni ua wa mbao tu. Koko hakujua Kiingereza, lakini Kifaransa chake na Kiromania cha Ilinca vilisikilizana kama mabinamu. Koko alisema "ours", yaani dubu kwa Kifaransa, Ilinca akasema "urs", wakashikana mikono juu ya ua wakicheka kama wasichana.

Ilinca alieleza kwamba kijijini kwao dubu ndiye kiongozi wa watu wanaopita katika baridi. Huingia ardhini, watu wakadhani amekufa, kumbe anakusanya nguvu. Akitoka, mwaka nao unafufuka. Anayetembelewa na dubu ndotoni anafundishwa kupumzika, na asiharakishwe.

Koko alirudi ndani na kumwambia mama, "Mumuache huyu mutoto. Dubu hawamutoe mu shimo na fimbo. Atatoka mwenyewe."

Mama aliguna kwamba sisi ni watu wa kanisa. Koko akamjibu kuwa dubu naye aliumbwa na Mungu. Tangu siku hiyo hakuna aliyenisukuma, na sikumbuki raha iliyozidi ile.

Mwaka mpya ulipofika, Ilinca alitualika mchana. Kwao, siku hiyo mtu huvaa ngozi ya dubu, hucheza, huanguka kama aliyekufa, kisha huinuka. Halafu humkanyaga kidogo mgongoni anayeumwa, ili apone. Doru, mwanawe, fundi bomba mwenye mwili mkubwa, alikuwa ndani ya koti la manyoya na kichwa cha dubu cha kushona. Sebule ilijaa wageni. Koko, ambaye mgongo ulimsumbua tangu safari, alivua viatu, akakaza kitenge chake, akalala kifudifudi kwenye zulia. Mama alifunika uso kwa mikono.

Doru aliinua mguu. Niliuona ulivyo mkubwa. Hapo nikasikia sauti ikisema kwa Kiingereza, mbele ya wote: "Polepole. Huyo ni koko wangu."

Ilikuwa yangu.

Watu wakanigeukia. Kutoka ndani ya kile kichwa, Doru aliniuliza kwa upole auweke wapi mguu. Nikamwelekeza: hapo, hapana, juu kidogo, sasa inatosha. Maneno yalitoka yamepindapinda, wengine wakacheka, nami nikajikuta nacheka nao. Koko, uso ukiwa zuliani, alisema niendelee, maana alikuwa anasikia vizuri. Mama alikuwa akilia na kupiga makofi kwa pamoja.

Mgongo ulirudi kuuma juma lililofuata. Mimi sikunyamaza tena.

Majuzi nilimuuliza koko kama kweli aliamini habari za dubu. Alisema aliamini kwamba nilikuwa nimechoka, na kwamba mama asingemsikiliza bila mnyama mkubwa nyuma yake. Labda ndivyo. Imani yangu imebaki kubwa kidogo kuliko yake. Desemba, giza linapoingia saa kumi jioni na mwili ukadai kulala, mimi huzima simu, nikajifunika, nikalala bila kumwomba mtu radhi.