Mshale Uliokwama kwa Mama Wangeci

Mwanangu, ipo siku moja ya Naro Moru ambayo huikumbuka kila nikishika yai. Hata sasa, na mvi zangu hizi, huona haya.

Nilikuwa kijana wa darasa la nane tu, nisiyeweza kumtazama mtu usoni. Kompyuta nilijifunza polepole, kwa vitabu vya kuazima mjini Nyeri. Mama Wangeci, mjane mfugaji wa kuku, aliniomba nimsaidie na mashine yake ya kuangulia vifaranga. Ndani yake mlikuwa na mayai yake na ya wanawake saba wa kanisa lake, kila mmoja ametia yake alama ya makaa. Alikuwa amewaahidi vifaranga.

Kwa siku mbili niliunganisha kipimajoto na kompyuta, nikaandika programu. Namba tupu sikuzitaka. Nilichora kwenye skrini duara langu mwenyewe, kama saa ya ukutani, lenye mshale mwekundu wa kuonyesha joto. Ukipitisha kipanya juu yake, linang'aa. Mng'ao huo niliupenda kuliko mshale wenyewe. Kisha nikamwambia, macho yangu mezani, "Mama, usiguse kitu. Tazama tu." Nikaenda zangu.

Sasa sikiliza. Picha ya kwenye skrini haijibadilishi yenyewe. Joto likibadilika, lazima programu iliambie duara lijichore upya. Hilo nililisahau. Duara langu lilijichora upya tu kipanya kilipopita juu yake, na nilipokuwa nikilijaribu, mkono wangu haukutoka kwenye kipanya. Ningelionaje kosa?

Siku ya tatu nilirudi alasiri kuchukua waya wangu. Nilimkuta ameketi mbele ya skrini, ameweka yai kwenye kope ya jicho, kama wafugaji wa zamani wanavyopima joto.

"Hii yai naona ni baridi," akasema, "lakini mshale yako inasema ni sawa tangu asubuhi. Nikasema labda ni ngozi yangu imezeeka."

Nikashika kipanya. Mshale ukashuka mbele yetu. Balbu ya kupasha joto ilikuwa imeungua.

"Kumbe inajua kusema ukweli ikiguswa," akasema.

Tulipokwisha kubadilisha balbu, nikamwuliza mbona hakunipigia simu.

"Si uliniambia nisiguse kitu? Na wewe ukiulizwa neno unaangalia chini, nikaona nitakusumbua." Akaufunga mlango wa mashine. "Kijana yangu, siku mbili ulikaa hapa ukiangalia hiyo duara. Hata mara moja hukuniangalia mimi nikiiangalia."

Nikaongeza mstari mmoja tu kwenye programu, ili kila joto linaposomwa duara lijichore upya. Kisha nikaikalia mikono yangu, yeye akatazama, mpaka mshale ukapanda wenyewe.

Siku za kuangua zilipotimia, mayai yaliyoanguliwa hayakufika nusu. Mama Wangeci aliwagawia wenzake vifaranga vyote, yeye akabaki bila hata kimoja. Nikadhani mambo yameisha. Akanipeleka nyumba zote saba za wale wanawake, na katika kila mlango alisema, "Sema wewe."

Ya kwanza, sauti haikutoka. Mwenye nyumba alidhani nimekuja kuomba maji, akanipa, nikanywa. Mama Wangeci alingoja. Ya saba nilisema kabla sijaambiwa: "Kosa ni langu." Yule mama akacheka, akasema labda mayai yake yangetoa jogoo mwingine mchokozi, na yule wa kwanza bado anamsumbua.

Mficha uchi hazai, mwanangu. Haya yangu niliiita adabu, kumbe ilimfunga mwenzangu mdomo. Ukimtengenezea mtu kitu, usitosheke na kukijaribu mwenyewe. Keti kando yake, ondoa mkono wako, umtazame anavyokitazama. Mpe ruhusa ya kukigusa. Ngozi yake ikibishana na kazi yako, ichunguze kazi kwanza. Na ukikosea, nenda mlangoni kwa mtu, useme.

Mungu akupe watu watakaokungoja mpaka sauti yako itoke, nawe akujalie subira ya kuwangoja wengine.